Mchawi wa Kitabuni na Mchawi wa Jirani

Vipo vitabu ambavyo watu huvizungumza kuliko wanavyovisoma. Miongoni mwa hivyo ni vitabu saba vya mwandishi wa Uingereza, J. K. Rowling, vinavyosimulia habari za mtoto yatima aitwaye Harry Potter, ambaye anachukuliwa kutoka katika nyumba ya mateso na kupelekwa shule ya bweni inayofundisha uchawi. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1997 na cha saba kilitoka mwaka 2007. Vimefasiriwa katika lugha zaidi ya 80, na nakala zilizouzwa duniani zimepita milioni 500. Wazazi wa nchi nyingi walishangaa kuona watoto waliokuwa wakikimbia kitabu chenye kurasa ishirini wanakaa kimya, usiku na mchana, na kitabu chenye kurasa mia saba.

Penye wasomaji wengi hapakosi maneno mengi. Huko Marekani, Chama cha Maktaba kilivitaja kuwa ndivyo vitabu vilivyolalamikiwa zaidi katika muongo wa 2000 hadi 2009. Mwezi wa Desemba 2001, waumini wa kanisa moja katika mji wa Alamogordo, New Mexico, walivitia moto. Mwaka 2002, Umoja wa Falme za Kiarabu uliviondoa katika shule za binafsi. Mwezi wa Machi 2019, mapadre wa parokia moja ya Gdańsk, Poland, walivichoma pamoja na vitu vingine walivyoviona kuwa vya kishirikina. Mwaka huo huo shule moja ya Kikatoliki ya Nashville, Marekani, iliviondoa maktabani, na padre wake alieleza kwamba maneno ya kulogea yaliyomo ni ya kweli. Upande wa pili wamesimama walimu, wazazi na watu wa dini pia, wakisema kwamba vitabu hivyo vinafundisha ushujaa, urafiki na kuwatetea wanyonge.

Jambo moja katika mabishano hayo limenishangaza siku zote. Mwandishi mwingine wa huko huko, C. S. Lewis, alitoa vitabu saba vya watoto kati ya mwaka 1950 na 1956, habari za nchi ya Narnia. Ndani yake mna mchawi wa kike anayegeuza viumbe kuwa mawe, na mna wanyama wanaosema. Wakristo wengi wanaomkataa Harry Potter huwanunulia watoto wao vitabu hivyo kwa furaha, kwa kuwa wanajua kwamba Lewis alikuwa mtetezi wa imani yao. Kumbe basi kinachogombewa si kuwamo kwa uchawi katika kitabu. Watu wanagombea kazi ambayo uchawi huo umepewa, na wanamtazama aliyeutia humo. Hilo ni swali zuri zaidi, na ni heri tulianzie hapo.

Maneno hayo yalitufikia hata sisi huku chini ya mlima. Katika miaka ya 2000 nilikuwa nikiongoza shule ya sekondari hapa Morogoro, na marafiki wa Uingereza walituletea maboksi ya vitabu. Humo mlikuwamo vitabu vya kwanza vya mfululizo huo. Wanafunzi wachache waliokimudu Kiingereza walivisoma, wakawahadithia wenzao kwa Kiswahili bwenini, na hao wenzao walipokwenda likizo wakawahadithia wazazi. Hadithi ilifika nyumbani kwa maneno haya: "Shuleni tunasoma kitabu cha mtoto mchawi." Msomaji atafahamu kwa nini mkutano wa wazazi wa muhula uliofuata ulijaa hadi nje.

Mzee mmoja, mwinjilisti, alisimama na Biblia akasema kwamba Mungu amekataza, kwa hiyo hakuna la kujadili. Baba mmoja Mwislamu alimwunga mkono, akaeleza kwamba sihiri ni miongoni mwa madhambi makubwa, na mtoto hafunzwi dhambi hata kwa mzaha. Karani mmoja wa serikali akawaomba wenzake watulie: watoto walikuwa wakijipatia Kiingereza cha bure, na hicho ndicho kilichowaleta shuleni. Kisha akasimama mama mmoja aliyeshuka kutoka mlimani, muuza ndizi, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Alisema: "Mwalimu mkuu, huko kilikoandikwa kitabu hicho wachawi wamekwisha, ndiyo maana wanaweza kuwachezea. Sisi kwetu bado. Mama yangu mkubwa alihamishwa kijijini kwa neno hilo hilo, na nyumba yake ikachomwa. Mnawafundisha watoto kuucheka moto ambao kwetu unawaka."

Vitabu vilibaki maktabani, kwa sharti kwamba visomwe pamoja na mwalimu. Lakini maneno ya mama yule yalihitaji jibu refu kuliko uamuzi wa mkutano. Tangu siku ile nimeyapima mara nyingi, na haya ninayoandika ndiyo matunda yake.

Kwanza, tulitazame neno lenyewe. Kiingereza kina neno moja linalobeba mambo ambayo sisi tumeyagawa. Sisi tuna uchawi na ulozi, na hayo ni madhara matupu: mchawi huua, huroga, hula nyama ya wafu. Tuna uganga, ambao huponya au hudai kuponya. Tuna mazingaombwe na kiini macho, ambayo ni michezo ya kuwafurahisha watu. Huku Uluguru wazee walipanda kwenda Kinole kwa Kingalu kuombewa mvua, na hakuna Mluguru aliyethubutu kumwita Kingalu mchawi, maana kazi yake ilikuwa uhai wa shamba la kila mtu. Sasa mtoto aliyesoma habari za shule ya Harry Potter anapotafuta neno la kumwambia mama yake, analishika lile la kwanza linalomjia, uchawi, na mama anasikia "shule ya wauaji". Nusu ya ugomvi wetu ilikuwa humo. Laiti mtoto angesema "kitabu cha watoto wa maajabu", huenda mwinjilisti asingeacha shamba lake siku ile.

Lakini ni nusu tu. Nusu ya pili haiondoki kwa kubadili neno, kwa kuwa mama yule alisema kweli. Uingereza ilifuta kosa la uchawi katika sheria zake tangu miaka ya 1730. Mwanamke anayetajwa kuwa wa mwisho kuuawa kwa hukumu ya namna hiyo huko Ulaya, Anna Göldi wa Uswisi, aliuawa mwaka 1782. Mtoto wa London anayesoma habari za fimbo ya kichawi ana karne mbili na zaidi kati yake na kuni za kuchomea watu. Kwake mchawi ni kama joka lenye vichwa saba: anatisha, anafurahisha, na hana anwani.

Mtoto wetu hana karne hizo. Kuanzia mwaka 2007 nchi yetu ilisikika duniani kwa aibu ya kuuawa kwa ndugu zetu wenye ualbino, ili viungo vyao vitumiwe na waganga waliowaahidi watu utajiri. Mwezi wa Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino. Mwezi wa Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Hata hivyo, mwezi wa Mei 2024, mtoto wa kike mwenye ualbino, ambaye hakuwa amefikisha miaka mitatu, aliporwa mikononi mwa mama yake katika wilaya ya Muleba, na mwezi uliofuata mwili wake ulipatikana umekatwa viungo. Na hatujawataja bibi zetu wa Kanda ya Ziwa waliouawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu. Yeyote aliyeishi katika nyumba ya nyasi anajua macho hayo yanatoka wapi. Yanatoka jikoni, katika moshi wa kuni na samadi ambao mwanamke ameupuliza kwa miaka hamsini ili wengine wale.

Kwa hiyo siwezi kusema, kama wanavyosema baadhi ya watetezi wa vitabu hivi, kwamba ni hadithi tu. Mahali ambapo hadithi ya uchawi inaweza kumtoa bibi nyumbani kwake, neno "tu" halifai. Lakini nauliza: ni kitu gani hasa katika hadithi hiyo kinachoua? Tusipokijua, tutachoma kitabu kisicho na hatia na kuiacha sumu mezani.

Wapinzani wa vitabu hivi, Ulaya na hapa, huogopa kwamba mtoto atatamani kuwa mchawi. Katika miaka yote ya kazi yangu sikumwona mtoto wa namna hiyo. Kwetu hakuna tusi baya kuliko hilo, na hakuna mtoto anayelitamani. Niliowaona, na ni wengi, ni watoto waliotamani kumjua mchawi ni nani. Mtoto akifeli, nani kamfanyia? Ng'ombe akifa, nani kampitia? Msichana akianguka bwenini, mwalimu gani mgeni kahamia? Ugonjwa wetu uko hapo, katika kuamini kwamba kila msiba una mtu nyuma yake, na kwamba mtu huyo yuko karibu, na kwamba kumtambua hakuhitaji ushahidi zaidi ya sura yake.

Nitoe mfano wa kale. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya misheni ya Kashasha, katika hiyo hiyo Muleba ya leo, wasichana watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Jambo hilo likawashika wenzao mmoja baada ya mwingine, hadi wanafunzi 95 kati ya 159, na mwezi wa Machi shule ikafungwa. Wasichana wakarudi makwao na kicheko kikaenda nao vijijini. Waganga wa hospitali walipima damu, wakachunguza chakula, wakatafuta sumu na vijidudu. Hawakuona kitu. Waliandika mwaka 1963 kwamba yalikuwa maradhi ya hofu na mashaka yanayoambukizana katika kundi. Tangu wakati huo shule zetu nyingi za bweni, hasa za wasichana, zimepatwa na mambo ya jamaa hiyo: watoto wanapiga kelele, wanaanguka, wanasema wanakabwa. Sikuwahi kusikia hata mara moja kwamba ugonjwa huo ulianzia katika kitabu. Ila nimesikia mara nyingi kwamba ulimalizikia kwa mtu: mpishi mzee, jirani wa shule, matroni asiye na watoto.

Nikiwa na kipimo hicho mkononi ndipo nilipovisoma vitabu vya Harry Potter kwa makini, na nikakuta jambo ambalo sikulisikia kwa mwinjilisti wala kwa karani. Katika kitabu cha kwanza yumo mwalimu aitwaye Snape. Ana pua ya ndoana, nywele zinang'aa mafuta, mavazi yake meusi, na hana neno jema kwa mtoto. Siku ya mchezo, Harry yuko angani juu ya ufagio, na ghafla ufagio unaanza kumrusharusha ili aanguke afe. Rafiki yake Hermione anatazama jukwaani kwa darubini, anamwona Snape amemkazia Harry macho bila kupepesa, na midomo inamchezacheza. Kesi imekwisha! Sura mbaya, jicho kali, maneno ya chini kwa chini: huku kwetu watu wamefukuzwa kwa ushahidi mdogo kuliko huo. Watoto watatu wanaamini kwa kurasa nyingi kwamba mbaya wao ni Snape, na msomaji anaamini pamoja nao. Mwishoni inadhihirika kwamba Snape alikuwa akisoma maneno ya kumkinga mtoto. Aliyekuwa akimrusha ni mwalimu mwingine, Quirrell, mtu mpole mwenye kigugumizi, ambaye kila mmoja alikuwa akimwonea huruma.

Haikuishia hapo. Katika kitabu cha pili tunaambiwa kwamba Hagrid, lile jitu lenye moyo laini, alifukuzwa shule akiwa kijana kwa kosa ambalo hakulitenda. Katika cha tatu anatokea Sirius Black, ambaye nchi nzima inamwogopa kama muuaji. Kumbe amekaa gerezani miaka 12 bila hatia, na baadaye tunajua kwamba hakupewa hata nafasi ya kusikilizwa na mahakama. Kitabu baada ya kitabu, mtoto anayesoma anaongozwa kumtuhumu mtu, kisha anaonyeshwa kwamba alimtuhumu kwa sura. Mimi sijui somo ambalo nchi yetu inalihitaji kuliko hilo, na sikupata kuliona likifundishwa vizuri zaidi katika kitabu chochote cha uraia.

Msomaji ataniuliza kama ilikuwa lazima somo hilo tulitafute ughaibuni. La hasha. Sisi tuliosoma katika miaka ya 1960 tulilelewa na maajabu. Tulisoma hadithi za Alfu Lela Ulela, ambazo Edwin Brenn alizitia katika Kiswahili wakati wa ukoloni. Tulisoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, nayo shina lake ni katika hadithi hizo hizo. Humo ndugu wawili wenye wivu wanamtupa baharini ndugu yao, na jini aitwaye Huria, ambaye Adili alipata kumwokoa, anawageuza kuwa manyani, kisha anamwamuru Adili awapige kila usiku. Hakuna mzazi aliyeandamana. Hakuna padre aliyekitia moto. Tulikisoma darasani, na mwalimu akatuuliza maswali.

Na maswali yenyewe ni mazito. Mjumbe wa Mfalme Rai anamchungulia Adili usiku, anamwona akiwapiga wanyama wasio na hatia. Kwa macho yake Adili ni mkatili, wala hakuna shaka. Lakini Rai hamhukumu kwa aliyoyaona mjumbe. Anamwita, anamwuliza, anasikiliza habari yote tangu mwanzo. Kisha, badala ya kufurahi kwamba wabaya wamepata adhabu yao, anafanya juhudi ili adhabu ikome na ndugu wapatanishwe. Jini ana nguvu za kumgeuza mtu mnyama, lakini mfalme mwenye kuuliza ndiye anayewarudisha katika utu. Shaaban Robert alitia uchawi katika kitabu chake ili juu yake aweke kitu kikubwa zaidi, nacho ni haki inayosikiliza.

Ziko pia hadithi zetu ambazo si za kubuni. Wazee wa Uluguru walijua habari za Kolelo, mzimu wa pangoni aliyesemwa kuwa na umbo la nyoka, ambaye watu walimwendea kuomba mvua, wengine wakitoka mbali huko Uzaramo. Mwaka 1905 jina lake lilichanganyika na habari za maji ya Kinjikitile wa Ngarambe, maji yaliyosemwa kwamba yatazigeuza risasi za Wajerumani. Tunaifundisha Vita ya Maji Maji katika kila shule, na tunafanya vema. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein aliitungia tamthilia, Kinjeketile, na wanafunzi wameicheza jukwaani vizazi kwa vizazi. Hebu fikiri: tunampa mtoto tamthilia juu ya imani iliyowaunganisha watu wa makabila mengi na ambayo pia iliwaacha wazi mbele ya bunduki, na tunamtaka apime mambo hayo mawili kwa pamoja. Kama tunamwamini kwa mzigo huo, tunashindwaje kumwamini kwa ufagio unaoruka?

Tena bibi zetu walikuwa na busara ambayo wakosoaji wa vitabu wameisahau. Kabla ya kusimulia habari za zimwi walibisha hodi: "Paukwa!" Nasi tukaitika: "Pakawa!" Huo ulikuwa mlango. Ukishaingia, sungura anasema, maiti anaamka, mti unatembea. Hadithi ikiisha, mlango unafungwa na kila mtu anakwenda kulala. Mtoto aliyezoea mlango huo anajua tangu utotoni kwamba kuna maneno ya ndani na maneno ya nje. Rowling naye anao mlango wake. Harry anapita katika ukuta wa stesheni ya London ndipo anapopanda treni ya kwenda shuleni, na hakuna mtoto mwenye akili atakayeupiga kichwa ukuta wa stesheni ya Morogoro kwa kutumaini kutokea upande wa pili.

Mpiga ramli hana mlango. Hasemi paukwa. Anasema: "Ni yule shangazi yako mwenye nyumba ya bati." Na zile filamu zilizojaa katika vibanda vya video miaka ya 2000, nyingi za Nigeria zilizotiwa maneno ya Kiswahili juu yake, nazo mara nyingi hazikuwa na mlango. Mchawi wake alikuwa mama mkwe, au mke mwenzi, au jirani mjane, ndani ya nyumba iliyofanana na yetu, na alijulikana tangu dakika ya kwanza kwa macho yake. Hakuna aliyesikilizwa. Mhubiri aliingia, mchawi akaanguka, watu wakapiga makofi. Baadhi ya wazazi waliokuja kukilalamikia kitabu cha Kiingereza waliziangalia filamu hizo pamoja na watoto wao kila Jumapili. Sisemi hivyo kwa kuwacheka. Nasema kwa sababu tunaogopa kitu kigeni kinachoonekana kwa jina lake, na tunakaribisha sebuleni kitu kinachofanana nasi.

Je, vitabu vya Harry Potter havina kasoro? Vinazo. Vinagawa watu katika wale waliozaliwa na kipaji cha maajabu na wale wasiokuwa nacho, na mara nyingi hao wa pili wanafanywa kichekesho. Vinatisha zaidi kadiri vinavyoendelea, na cha nne si kitabu cha kumpa mtoto wa miaka minane asome peke yake usiku. Wala sikatai kwamba mamlaka yana haki ya kuangalia kinachosomwa shuleni. Mwezi wa Februari 2023 Wizara ya Elimu yetu ilipiga marufuku vitabu 16 ilivyosema havifai kwa maadili, vikiwamo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, na watu walibishana kama ilivyo desturi. Ninachoomba ni kwamba anayekataa kitabu awe amekisoma hadi mwisho. Anayekihukumu kitabu kwa jalada lake, na anayemhukumu bibi kwa macho yake, wamefuata njia moja ya kufikiri, ingawa mmoja amechoma karatasi na mwingine amechoma nyumba.

Nikiulizwa leo na mwalimu kijana afanye nini, ninampa maswali matatu ya kukiuliza kitabu chochote chenye uchawi, kiwe cha Rowling, cha Shaaban Robert au cha mtunzi wa mtaa wa pili. Je, kina mlango, yaani mtoto anajua ameingia hadithini? Je, mtuhumiwa anasikilizwa kabla ya hukumu? Je, msiba unatafutiwa sababu, au unatafutiwa mtu? Kitabu kikijibu vizuri maswali hayo, mpe mtoto, kisha kaa naye. Kikijibu vibaya, usimpe, hata kama kimeandikwa na mtu wa dini na kina msalaba au mwezi juu ya jalada.

Kuna maajabu ambayo hayaogopi swali. Hapa hapa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kutambua kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake ya kugundua mabomu huko Kambodia. Bibi angesimuliwa habari hiyo angesema ni uganga. Lakini ukimwuliza mfundishaji, "Panya amejuaje?", atakueleza: harufu, zoezi, kipande cha ndizi kama tuzo, siku baada ya siku. Mwulize mpiga ramli swali hilo hilo, "Umejuaje?", naye atakasirika, au atakuambia uongeze fedha.

Mama yule wa mlimani alisema kwamba moto unawaka, na mimi namwunga mkono hadi leo. Lakini mtoto hakingwi na moto kwa kufichwa neno moto. Atalisikia kisimani, atalisikia msibani, atalisikia kwa watu wazima wanaoshusha sauti anapopita. Siku moja, akiwa mtu mzima, atakaa katika mkutano wa kijiji mahali fulani kati ya Matombo na Mgeta, au Muleba, au Kahama, na mtu atamnyoshea kidole kikongwe. Siku hiyo atahitajika mtu mmoja tu wa kusimama na kuuliza kwa sauti: "Mmejuaje?" Sijali alijifunzia wapi kuuliza, kwa Mfalme Rai au kwa mtoto wa Kiingereza aliyemdhania vibaya mwalimu wake. Ninalotaka ni kwamba swali hilo alijue, na kwamba sisi tuliomlea tusiwe ndio tuliomkataza kuuliza.